Mapengo Katika Mvua ya Mtoni

Siku mliyoniaga mlinipa mwavuli. Mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mbao, na mkapiga makofi utadhani mmenipa kiwanja. Nilicheka nanyi, nikakata keki, nikala pilau lililopoa, nikaenda zangu. Sasa nipo nyumbani Kigamboni, sina la kufanya nikishamwagilia mchicha, na majirani wanashangaa fundi wa mitambo ya hali ya hewa hana hata kipimajoto uani. Wakiniuliza kama kesho itanyesha nawaambia watoke nje watazame juu.

Mmoja wenu aliniomba niandike niliyoyaona karakanani, ili watakaokuja wasianze sifuri. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua maana ndio huohuo wenu. Nitaandika kuhusu ile mitambo midogo ambayo watu huifunga majumbani, juu ya bati au kwenye bomba uani, kupima mvua, upepo na joto. Nitaandika pia kuhusu programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kuyarekodi yote hayo mchana na usiku bila kuchoka, na ambayo huchoka kila wiki. Ila zaidi ya yote nitaandika kuhusu nyumba moja ya Mtoni, ya bibi mmoja mwenye mguu mbovu. Mwanawe alitaka kitu kimoja tu, ajue mvua kubwa inaponyesha ili mama atolewe ndani kabla mto haujaingia. Kazi nyingine zote nilizimaliza nikazisahau. Hiyo imenikaa rohoni na sioni dalili ya kutoka.

Nilianza kazi hii nikiwa mtu mzima. Nilikuja Dar kutoka Songea, nikatengeneza redio na simu Tandika mpaka macho yakaanza kuuma, ndipo nikasikia kuna karakana Keko inatafuta mtu anayejua kushika waya bila kuukata. Nilidhani nitakuta mahali pasafi, pa kitaalamu. Nikakuta chumba kimoja kilichobanwa kati ya mafundi seremala, vumbi la mbao limetanda kila mahali, na mzee mmoja mwembamba amekaa juu ya ndoo anakunywa chai ya rangi. Huyo ndiye Fundi Chande, mzaliwa wa Ilala, aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, na hakuwahi kunisifu hata siku moja.

Siku yangu ya kwanza alinipa kipimamvua kilichojaa sisimizi akaniambia nikioshe. Nilikiosha. Akanipa kingine, chenye kiota cha nyigu. Nikakiosha pia, nikiwa nimenuna. Mchana akafungua kompyuta, akanionyesha grafu ya nyumba moja ya Kinondoni, akaniuliza naona nini. Nikaanza kumweleza joto limepanda hapa, limeshuka pale. Akasonya.

“We mtoto wa Songea, mbona unasoma palipoandikwa? Palipoandikwa hapana ugonjwa. Soma palipokatika.”

Ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi, na nyie mnaifanya mpaka leo bila kujua imetoka kwa nani. Kabla hajagusa bisibisi, alikuwa anayatazama mapengo. Pengo la kila jioni muda wa tamthilia lilimaanisha ekstensheni ni moja na televisheni imeshinda. Pengo la kila alfajiri siku za shule lilimaanisha pasi. Pengo la siku mbili mwisho wa mwezi lilimaanisha umeme wa luku umeisha, na hilo ukilikuta unanyamaza, unamsalimia mwenye nyumba vizuri na kumuuliza habari za watoto. Chande alikuwa anaweza kukaa na grafu ya watu asiowajua akakwambia wanakula saa ngapi.

Siyo mapengo tu. Kulikuwa na mwalimu mstaafu Tandika ambaye grafu yake ilionyesha jua la utosi linawaka alfajiri. Tulibadilisha vipimo viwili kabla ya kugundua kwamba alikuwa ameirekebisha saa ya kompyuta kwa mkono wake, adhuhuri, akaandika saa sita, kwa sababu ndiyo ilikuwa saa sita. Chande alimweleza kwa adabu kwamba kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mwalimu akamwuliza, “Sasa usiku wa manane nani yupo macho wa kuanza kuhesabu?” Tulirekebisha saa tukaondoka, na ukweli ni kwamba nilimwona ana hoja.

Kuhusu vifaa, sina mengi. Mita, bisibisi mbili, tepu nyeusi, silikoni, mswaki wa zamani wa kusugulia sisimizi, na chupa ya rangi ya kucha. Mlinicheka sana kwa ile chupa, mkaniuliza naenda kazini au harusini, mkanibandika na jina la Bi Waya. Lakini nyie mnajua kwamba kebo ikichomolewa ikarudishwa kwenye tundu jingine, programu inaendelea kuitafuta kwenye tundu la zamani, inakaa kimya, na mwenye nyumba anaapa hajagusa kitu. Nukta nyekundu kwenye kebo na nukta nyekundu kwenye tundu lake zimeniokolea safari nyingi kuliko cheti chochote. Zimeni pia ile tabia ya kompyuta kujilaza ikiona haiguswi, na iwekeni ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Na betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta, ibadilisheni kabla haijafa, maana ikifa mvua ya leo inaandikwa kwenye tarehe ya miaka iliyopita.

Chande alistaafu akiwa haoni vizuri, akafariki kabla hajazoea kukaa bure. Nilimzika nikarudi karakanani, nikakaa juu ya ndoo yake kwa sababu hakukuwa na kiti kingine.

Kassimu alikuja baada ya hapo. Alikuwa fundi seremala wa vitanda, mtu wa makamo, anachongea barabarani hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na vumbi lake nilikuwa nimelivuta miaka bila kujua jina lake. Alisimama mlangoni, kalamu ya risasi sikioni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Samahani, mie naitwa Kassimu. Kuna bibi jirani yangu kule Mtoni, ana mtambo kama hii yenu. Mwanawe katuma kutoka Muscat. Sasa unamletea ishu, mvua ikinyesha haumwambii kitu.”

Nikaenda naye. Nyumba ilikuwa bondeni, karibu na Mto Kizinga, nyumba ya matofali yenye baraza pana na ukuta wenye alama ya tope iliyopita juu ya madirisha. Bi Zuhura alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande ule, akawa anatembea kwa fimbo, polepole, akishika ukuta.

“Karibu mwanangu, hodi za nini? Pita. Umekula?”

Nilimwambia nimekula. Akaniletea muhogo wa nazi hata hivyo.

Kassimu alinieleza habari ya ile alama ya ukutani. Mwaka ule mto ulipopanda yeye alikuwa kazini Keko, na aliporudi alimkuta bibi amekaa juu ya meza ya chakula gizani, maji yanaichezesha meza, amepakata msahafu uliofungwa kwenye nailoni. Alimbeba mgongoni. Tangu hapo kila mtu alimwambia ahame, naye akawajibu wote kwamba nyumba ameijenga marehemu mumewe tofali kwa tofali, na yeye haendi kufia kwenye chumba cha kupanga.

Idrisa, mwanawe wa pekee, zamani alikuwa wakala wa forodha Kurasini, kisha akapata kazi ya ghala huko Muscat. Nilizungumza naye kwa simu siku hiyohiyo, nimekaa chini mbele ya kompyuta ya mama yake.

“Fundi, tatizo mama haniambii ukweli,” alisema. “Maji yakimfika magotini ananiambia manyunyu. Nikimsisitiza anasema huku kweupe mwanangu, lala. Mie nataka kitu kisichonionea huruma. Kiniambie inanyesha, nimpigie Kassimu, Kassimu awahi kumtoa. Basi.”

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Mtambo wenyewe ulikuwa mzuri. Kijiko cha mvua juu ya bati, kinachopima kwa kujaa na kumwaga, kilikuwa kinabinuka vizuri, kisanduku cha ndani kilikuwa kinapokea, kompyuta ya mezani ilikuwa inaandika na kupeleka takwimu kwenye ukurasa wa mtandaoni kwa modemu ndogo ambayo bando lake Idrisa alilinunua kutoka hukohuko. Nikapanda ngazi na kopo la maji, nikamimina taratibu. Idrisa akaniambia anaiona mvua yangu. Nikashuka, nikala muhogo, nikaaga.

Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja, mtambo ukanyamaza. Ulirudi mvua ilipokwisha, mzima kabisa, kama mtu aliyetoka kulala. Nikarudi Mtoni. Kila kitu kilifanya kazi. Nikabadilisha adapta. Mvua ya pili, kimya. Nikabadilisha kebo, nikapaka nukta mpya. Kimya. Nikaifuta programu nikaiweka upya. Nikayasoma mapengo yake kama alivyonifundisha Chande, nikaona kitu kilichonikera: manyunyu yote yalikuwa yameandikwa, tone kwa tone. Mvua ya maana haikuwamo hata moja. Inaanza, inaanza kupanda, halafu hakuna kitu.

“Fundi,” Idrisa aliniambia, na sauti yake ilikuwa imechoka, “mtambo huu umefanana na mama.”

Nikaamini ni maji. Nani asingeamini? Kitu kinachokufa mvua ikizidi, utafikiria maji yanaingia mahali. Nikapaka silikoni kila tundu la paa, nikainua kisanduku, nikafunga kila kiungo kwa tepu. Nilimwuliza Bi Zuhura kama kuna mtu anaichezea kompyuta. Akasema aichezee nani, na yeye anaishi peke yake na hajui hata pa kuifungulia. Nilimwuliza kama umeme hukatika mvua ikinyesha. Akasema, aa, umeme wa huku hausumbui. Yote hayo yalikuwa kweli tupu.

Usingizi ulinipotea kwa ajili ya ile nyumba. Masika yalikuwa yanakaribia na mimi bado nashika silikoni. Nilikuwa nikisikia mvua juu ya bati langu huku Kigamboni namwona bibi amekaa juu ya meza.

Kisha siku moja mvua ilinikuta hukohuko. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwake, nimefungua tumbo la kompyuta, nje kumeanza kuwa kweusi. Radi ikanguruma mbali, upande wa bahari, ya kawaida tu. Bi Zuhura akakamata fimbo yake akainuka. Akaburuta mguu mpaka mlangoni, akanyoosha mkono juu, akaishusha meni swichi. Nyumba ikazima. Akarudi akachomoa ekstensheni ukutani. Akazima simu yake. Akachukua kanga akafunika kioo cha kabati, nyingine akaitupa juu ya televisheni, ya tatu akanifunikia kompyuta, mikono yangu ikiwa bado ndani. Halafu akakaa katikati ya mkeka, mbali na kuta, akatulia.

Nikaitoa mikono chini ya kanga.

“Bibi, hivi ndivyo unavyofanyaga kila siku radi ikipiga?”

Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu. “Kwani kwenu Songea radi ikipiga mnawasha?”

Hatuwashi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anafunika mpaka sufuria zinazong'aa. Mimi mwenyewe, fundi, nikisikia radi nachomoa kila kitu na simu naizima. Kila nyumba ya Temeke inafanya hivyo, na ya Kinondoni, na yenu. Ndiyo maana sikumwuliza na ndiyo maana hakuniambia. Ingekuwa kama kumwuliza mtu kama anavua viatu akiingia ndani. Waliotengeneza programu ile wameweka ukurasa mzima wa sababu zinazoweza kuikatisha, na nimeusoma wote. Hii hawakuiwaza.

Mvua ilipopungua kidogo aliniambia kwa nini. Alipokuwa msichana Mkuranga, baba yao alinunua redio, ya kwanza mtaani, na mdogo wake wa kiume alipenda kukaa ameiegemea. Radi ilipiga nyumba ikamchukua yeye peke yake. “Redio ikawa inaendelea kuimba,” alisema. “Mama akaja kuizima. Tangu siku hiyo kwetu hakuna kinachowaka radi ikipiga, mwanangu, hata awe nani kakileta.”

Sikumbishia. Lakini mto ulikuwa palepale. Nikaja na betri kubwa ya akiba, ya kuendesha kompyuta na modemu hata umeme ukizimwa, na Kassimu akaichongea sanduku la mninga ili isiguse sakafu. Nikamweleza Bi Zuhura kwamba hii haina uhusiano na ukuta, radi haina njia. Akanisikiliza kwa heshima zote. Radi ilipopiga akazima meni swichi, akachomoa ekstensheni, halafu akainama akaibonyeza na betri.

“Ina jicho jekundu,” alisema. “Linamulika. Linaita.”

Hapo nilikata tamaa. Nilirudi karakanani nikakaa juu ya ndoo, nikafungua mapengo yake tena, nikayatazama bila kufikiri. Na nikaona kwamba nimepewa ninachokitafuta kitambo. Sasa betri ilikuwapo; umeme ukikatika wenyewe, mtambo ulikuwa unaendelea. Kitu kimoja tu duniani kilikuwa kinaweza kuunyamazisha, nacho ni mkono wa Bi Zuhura, na mkono ule ulikuwa unaunyamazisha radi inapoanza, kabla mvua haijashika, mapema kuliko kijiko chochote cha kupimia. Pengo lenyewe ndilo lilikuwa taarifa.

Kule kwenye ukurasa wa mtandaoni kuna mahali pa kuagiza ujumbe utumwe takwimu zikiacha kufika. Kwa kawaida tunapaweka kwa ajili yetu mafundi. Nikapaweka kwa ajili ya Idrisa na Kassimu. Mtambo ukinyamaza, simu zao zinalia, Kassimu anaweka randa chini anakwenda Mtoni.

Mara ya kwanza tu, Kassimu alimtoa bibi akiwa amepakata msahafu wake mkavu, na maji yaliingia yakafika madirishani nyumba ikiwa tupu, kompyuta na betri Kassimu ameshazipandisha juu ya kabati. Idrisa alinipigia akalia bila kuona haya. Akatuma tende za Muscat, mkazila nyie, mimi nikaambulia kokwa.

Nilimweleza Bi Zuhura mpango wote, sikutaka tumfanyie mtu mzima mambo nyuma ya mgongo wake. Alicheka mpaka akashika mbavu. “Kumbe nikizima ndiyo namwambia ukweli?” Tangu siku hiyo radi ikinguruma alikuwa akiinuka kwa madaha, akimwambia Kassimu au yeyote aliyepo, “Haya, ngoja nimpigie Idrisa simu,” anakwenda kwenye meni swichi. Masika yakapita hivyo, na vuli, na masika mengine. Nilikuwa nikipita Mtoni hata pasipo kazi. Nilikuwa nakula muhogo wake, nasugua sisimizi juu ya bati, naondoka na moyo mwepesi, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mwezi wangu wa mwisho kazini. Mvua ilishuka Keko kwa kishindo, mafundi wakaanza kufunika mbao kwa nailoni, radi zikawa zinafuatana. Nikafungua ukurasa wa Bi Zuhura kwa mazoea tu, nikitegemea pengo. Nikaukuta mstari. Ulikuwa unapanda, haujakatika, mvua yote ya Mtoni imo tangu tone la kwanza. Mmoja wenu alikuwa nyuma yangu, akapiga kofi mezani akasema, “Bi Waya, leo hajazima! Umepata mvua nzima!” Na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa sijaona mvua kubwa ya nyumba ile ikiandikwa mpaka mwisho.

Simu yangu ikalia.

“Shikamoo, fundi. Unauona mtambo wa mama?”

“Marahaba, baba. Nauona. Leo unaandika vizuri kabisa, haujakatika hata mara moja.”

Idrisa akaniuliza, “Huko radi zipo?”

Nje ikapiga moja, bati lote likatetemeka. Nadhani aliisikia.

“Zipo,” nikasema.

“Sasa mbona mama hajazima?”

Nilitoka mbio bila kiatu kimoja. Kassimu alikuwa anafunga nailoni yake, hana habari. Ujumbe haukuja, akadhani Mtoni bado hakujanyesha. Nilipomwambia, akaitupa nailoni chini. Tulipata bajaji kwa taabu. Malori ya bandarini yalikuwa yamesimama foleni, dereva akapita pembeni kwenye madimbwi, Kassimu akawa anajaribu simu ya bibi tena na tena. Ilikuwa inaita. Siku ya radi, simu yake inaita.

Uani maji yalikuwa ya kufika vifundoni, hayajapanda baraza. Kassimu alikuwa na ufunguo wa akiba. Ndani taa ilikuwa inawaka. Kioo cha kabati kilikuwa wazi. Bi Zuhura alikuwa juu ya mswala, amelala ubavu, kama mtu aliyechoka baada ya sala ya adhuhuri akajiegesha kidogo, tasbihi mkononi. Kassimu akapiga magoti akamshika miguu. Ilikuwa imepoa kitambo, kabla hata mawingu hayajakusanyika. Akasema, “Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un,” akabaki amepiga magoti hivyohivyo.

Kwenye kona kompyuta ilikuwa inaunguruma taratibu, mstari unapanda kwenye skrini. Sijawahi kukichukia kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kama nilivyokichukia kile.

Radi ikapiga tena, karibu sana. Kassimu akainuka, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao.

“Bibi hapendagi hivi,” alisema.

Akaenda mlangoni akaishusha meni swichi. Akachomoa ekstensheni. Akainama akaibonyeza betri kwenye sanduku alilolichonga mwenyewe, lile jicho jekundu likafa. Nikatafuta kanga nikafunika kioo. Tukambeba tukamlaza kitandani, tukamfunika shuka, tukasimama gizani na mvua inapiga, kila mmoja anangoja mwenzake aseme nani ampigie Idrisa na aanze vipi.

Hatukuwahi. Simu yangu ililia, na nilipopokea nikasikia kelele za ghala nyuma yake na watu wanamshangilia.

“Fundi! Ujumbe umeingia! Mama kazima! Alhamdulillahi, kazima, kumbe alikuwa kasinzia tu, mie huku nilishakufa, fundi, nilishakufa!”

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi. Kisha nikamwambia, “Idrisa, baba, aliyezima ni Kassimu.”